Mpira wa Mafuta Haungoji Msimu Uishe: Wenye Hiace za Zamani, Tubadilishe Kabla Haujapasuka

 

Mmezoea kusoma hapa habari za mbegu, mbolea, viwavi na bei za sokoni. Leo naomba tuinue kiti cha mbele cha Hiace, tutazame injini iliyo chini yake, kisha tuingie uvunguni mpaka kwenye tenki. Nataka tuzungumzie mipira ya mafuta na klipu zake.

Mimi ni afisa ugani, si fundi magari. Kazi za gereji nawaachia wenyewe. Lakini kabichi tuliyohangaika nayo tangu kitaluni, karoti tuliyopalilia na nyanya tuliyoipulizia dawa kwa ratiba, vyote vinamalizia safari kwenye gari. Huku kwetu milimani, gari hilo mara nyingi ni Hiace ya miaka ya tisini, Townace, Noah iliyong'olewa viti vya nyuma, au Suzuki Carry, yaani kirikuu. Gari likiungua njiani, ushauri wangu wote wa shambani umeungua nalo. Na ndani ya gari hilo hakuna mazao peke yake. Kuna mama anayepeleka mzigo gulioni, kuna mtoto anayerudi shule, na kuna dereva ambaye ni kijana wetu.

MSIMAMO WANGU KWA KIFUPI

Ukinunua au ukimiliki gari la petroli lenye umri wa zaidi ya miaka 10, na hujui mipira ya mafuta ilibadilishwa lini, ibadilishe yote pamoja na klipu zake. Usisubiri ivuje. Usibadilishe kipande kimoja kilichopasuka ukaacha vingine vyenye umri uleule. Na kazi hiyo itangulie redio, rangi, maandishi ya nyuma na taa za urembo.

Najua wapo mafundi na wenye magari wasiokubaliana nami. Wanasema kitu ambacho hakijaharibika hakiguswi. Kwa mlango au kiti, sawa. Kwa mpira wa mafuta, hapana, na sababu nitazieleza.

MPIRA UNAZEEKA HATA GARI LIKIWA LIMEEGESHWA

Mafuta yanatoka kwenye tenki hadi kwenye injini kupitia paipu ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi. Chuma hakijipindi wala hakivumilii mtikisiko, kwa hiyo kwenye maungio huwekwa vipande vya mpira: kwenye tenki, kwenye filta, na pale paipu inapokutana na injini. Ipo njia ya kupeleka mafuta, na kwenye magari mengi ipo njia ya pili ya kurudisha yanayobaki tenkini. Ipo pia njia ya mvuke, na upo mpira mnene unaotoka pale unapojazia mafuta hadi kwenye tenki. Watu wengi wanaukumbuka ule wa kwanza tu.

Mpira huu unaliwa na vitu vinne kwa wakati mmoja: joto la injini kwa nje, petroli yenyewe kwa ndani, hewa na jua, na mtikisiko wa barabara. Kwenye Hiace ya zamani, Noah na kirikuu, injini iko chini ya viti vya mbele, mahali pa kubana pasipo na hewa ya kutosha. Gari likipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto likiwa na mzigo, kona baada ya kona kwa gia ndogo, joto la pale chini si la mchezo. Mpira uliotoka kiwandani mwaka 1995 una umri wa mtu mzima mwenye familia, na kazi yake yote ameifanya jikoni.

Mkulima anayetumia bomba la kupulizia dawa ananielewa haraka. Mpira wa bomba ukizeeka unaanza kuwa mgumu, unapata nyufa ndogo pale unapojikunja, halafu siku moja dawa inakumwagikia mgongoni. Hukuona ikija kwa sababu nyufa zilikuwa upande wa chini. Mpira wa gari ni hivyohivyo, isipokuwa kinachomwagika ni petroli, na kinachomwagikiwa ni injini ya moto.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosubiri uvuje. Ukivuja maji ya rejeta, gari linachemka, unasimama, unaongeza maji. Petroli ikivuja inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kabisa, sembuse juu ya injini. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya mahali palipojificha. Cheche moja ya waya wa plagi uliochubuka, ya stata au ya sigara inatosha. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka, tukapoteza watu zaidi ya 100. Hiace haibebi mafuta ya lori. Lakini petroli ya tenki la Hiace ni petroli ileile, na abiria wa kiti cha mbele amekaa juu ya injini.

DALILI ZA KUTAFUTA

Kagua asubuhi gari likiwa limepoa, kwa tochi. Usikague kwa kiberiti wala kwa mwanga wa moto wowote. Tafuta haya:

1. Harufu ya petroli ndani ya gari, hasa ukiwasha asubuhi au baada ya kupanda mlima. Usiseme "ndivyo lilivyo." Gari zima halinuki petroli.

2. Harufu inayokuja ukijaza tenki likafurika kidogo. Mara nyingi huo ni ule mpira mnene wa kujazia, au klipu yake.

3. Ukikunja mpira kidogo kwa vidole, nyufa ndogo zinafunguka kama udongo wa bwawa lililokauka.

4. Mpira umekuwa mgumu kama mti, au umelegea na kuvimba kama ulioloweshwa. Vyote viwili ni vibaya.

5. Vumbi limegandamana na kuloa kwenye maungio. Petroli inakauka haraka, kwa hiyo huwezi kuona tone, lakini doa la vumbi jeusi linabaki kutoa ushahidi.

6. Chembe nyeusi kwenye filta au kwenye kabureta. Huo ni mpira unaomomonyoka kwa ndani, huku kwa nje unaonekana mzima. Gari linakosa nguvu, mnabadilisha plagi mara tatu, na mwenye kosa ni mpira.

7. Mafuta yanaisha kuliko kawaida na safari ni zilezile.

Ukiona mojawapo, gari lisipakie mtu wala mzigo mpaka litengenezwe. Na usipoona hata moja, lakini gari ni la zamani na hujui historia yake, rudi kwenye msimamo wangu hapo juu. Dalili namba 6 inaonyesha kwamba jicho peke yake halitoshi.

MPIRA GANI UNUNUE

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotea, kwa sababu mpira mweusi unafanana na mpira mweusi mwenzake.

Kwanza jua gari lako ni la kabureta au la EFI. Kwa Toyota ipo njia rahisi. Tazama namba ya injini kwenye kibati: ukikuta herufi E mwishoni, kama 1RZ-E au 3S-FE, hiyo ni EFI. 1RZ peke yake ni ya kabureta. Tofauti hii si ya maneno. Kwenye kabureta pampu inasukuma mafuta kwa nguvu ndogo, kiasi cha psi 3 hadi 5. Kwenye EFI ni karibu psi 40, yaani zaidi ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Mpira wa kabureta ukiufunga kwenye EFI unaweza kukaa siku mbili au wiki mbili, halafu ukapasuka na kurusha petroli kama bomba la kupulizia.

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira. Mpira halali wa mafuta huandikwa kiwango chake. Ukiona SAE J30 R6 au R7, huo ni wa nguvu ndogo, unafaa kwa kabureta na kwa njia ya mvuke. Ukiona SAE J30 R9, huo umetengenezwa kwa EFI, na unaweza kuutumia kwenye kabureta pia bila wasiwasi. Mpira usio na maandishi yoyote, hata muuzaji akiapa, mimi singeuweka kwenye gari linalobeba watu.

Mambo mengine ya kuzingatia dukani:

Pima upana wa ndani, si wa nje. Vipimo vya kawaida ni milimita 6, 8 na 10. Nenda na kipande cha zamani. Mpira mkubwa kuliko paipu haufai, hata ukikazwa namna gani. Utajikunja na kuacha njia.

Usinunue mpira uliotundikwa nje ya duka juani mwaka mzima. Huo umeanza kuzeeka kabla hujaulipia. Omba uliowekwa ndani.

Usitumie mpira wa maji, wala ule mweupe unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi wanapimia levo. Petroli inaunyonya ulaini wake, unakuwa mgumu na kupasuka kama kijiti.

Kipande kinachokaa ndani ya tenki, kwenye pampu ya EFI, kina mpira wake maalumu unaostahimili kuzama kwenye mafuta, nao huandikwa R10. R9 imetengenezwa kuhimili mafuta kwa ndani, haijatengenezwa kuloweshwa kwa nje.

Bei sitaandika, kwa sababu inabadilika kila mji. Lakini fanya zoezi hili: uliza bei ya mita moja ya mpira wenye maandishi na bei ya klipu nzuri, zidisha kwa idadi utakayohitaji, kisha linganisha na thamani ya mzigo mmoja wa nyanya unaoupakia siku ya gulio. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, usiifanye kwa kukisia. Nina hakika utaniunga mkono.

KLIPU NI NUSU YA KAZI

Nimeona mpira mpya mzuri umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, na mwingine kwa kamba ya tyubu ya baiskeli. Aliyefanya hivyo amenunua shati jipya akalifunga kwa mwiba.

Waya unabana sehemu mbili tatu na kuacha nyingine, na unaukata mpira taratibu kila gari linapotikisika. Tyubu ya baiskeli yenyewe inaliwa na petroli. Ile klipu ya kawaida ya skrubu, yenye matundu kwenye ukanda wake, inafaa kwa mipira minene kama ule wa kujazia. Kwenye mpira mwembamba matundu yale yanaung'ata mpira na kuukata. Kwa mipira myembamba ya mafuta, hasa ya EFI, tafuta klipu yenye ukanda usio na matundu na kingo zilizokunjwa kwa nje, inayokaza kwa boliti ndogo. Madukani ukisema "klipu ya mpira wa mafuta ya EFI" wenye uelewa watakupa.

Klipu iwe ya saizi ya mpira. Klipu kubwa iliyokazwa mpaka mwisho inakuwa na umbo la yai, na palipo na pembe panavuja. Na usirudishe klipu ya zamani yenye kutu kwenye mpira mpya.

KAZI YENYEWE: UKIWA NA FUNDI, SIMAMIA HAYA

Sishauri mtu asiye fundi akafungue mfumo wa EFI mwenyewe. Lakini mwenye gari anapaswa kujua hatua, ili asimame pale na kuuliza maswali.

1. Fanyeni nje, penye hewa, gari likiwa limepoa kabisa na tenki likiwa na mafuta kidogo. Si karibu na jiko la mama lishe, si karibu na mashine ya kuchomelea. Hakuna sigara.

2. Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe mkononi, si nyuma ya kiti chini ya magunia. Ndoo ya mchanga mkavu iwepo pia. Maji hayazimi petroli, yanaisambaza.

3. Fungua kifuniko cha tenki kutoa upepo. Kwa EFI, chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini iachwe ijizime yenyewe ili nguvu iliyobaki kwenye paipu ishuke. Kisha ondoa waya wa hasi wa betri.

4. Weka chombo cha kukingia na kitambaa kwenye ungio kabla ya kulivuta. Petroli inayotoka isimwagwe chini, hasa karibu na kisima au mfereji wa umwagiliaji. Ichujwe irudi tenkini au iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko.

5. Badilisha mpira mmoja mmoja. Ukichomoa yote kwa pamoja, njia ya kupeleka na njia ya kurudisha zitachanganywa.

6. Mpira mpya ukatwe kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Uwe na urefu wa kutosha usivutike wala kujikunja, na upite mbali na bomba la moshi na kingo kali za bati.

7. Paipu ya chuma isafishwe kutu kwanza. Mpira uingie angalau sentimita 2, uvuke kile kivimbe kilicho mwishoni mwa paipu, na klipu ikae nyuma ya kivimbe, si juu yake na si ukingoni kabisa mwa mpira. Kaza mpaka ishike imara, usikaze mpaka mpira utoke nyama.

8. Filta ya mafuta ibadilishwe siku hiyohiyo, mshale wake ukielekea kwenye injini. Ikiwa ni ya EFI yenye boliti zenye tundu, washa zake ziwe mpya.

9. Rudisha fyuzi na betri, washa, acha injini iunguruma huku mkikagua kila ungio kwa tochi na karatasi kavu. Karatasi ikiloa, zima. Kagueni tena baada ya siku mbili tatu za safari, kwa sababu mpira mpya unatulia na klipu ya skrubu inaweza kuhitaji kukazwa kidogo.

Kuna tabia tatu naomba tuziache kabisa. Ya kwanza ni kukata paipu ya chuma iliyooza na kuweka mpira mrefu badala yake. Paipu iliyokatwa haina kivimbe, na kwenye EFI mpira utachomoka. Paipu ikioza, wekeni paipu. Ya pili ni kuziba kwa silikoni. Petroli inailainisha na kuing'oa. Hata sabuni ya mche kwenye tenki linalotoboka ni ya kukufikisha gereji, si ya kumalizia msimu. Ya tatu ni kunyonya petroli kwa mdomo. Ikipita njia ya hewa inaharibu mapafu. Aliyemeza asitapishwe, akimbizwe kituo cha afya.

WENYE DIZELI, MSICHEKE

Hiace za injini ya 2L, 3L na 5L ni za dizeli. Dizeli haishiki moto kwa urahisi kama petroli, lakini mpira uliozeeka unakusumbua kwa njia nyingine. Upande unaovuta mafuta kutoka tenkini, ufa mdogo hautoi dizeli nje bali unaingiza hewa ndani. Hutaona tone chini. Utaona gari linakataa kuwaka asubuhi, mnalisukuma, mnalaumu betri na plagi za joto. Kabla ya kununua betri, kagua mipira na klipu. Kagua pia ile mipira midogo ya kurudisha dizeli juu ya nozeli. Tahadhari moja tu: zile paipu nyembamba za chuma zinazoingia kwenye nozeli zina nguvu kubwa mno. Injini ikiwa inaunguruma, usitafute mvujo hapo kwa kidole. Dizeli inaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo linahitaji hospitali haraka hata kama linaonekana dogo.

"GARI LENYEWE LIMEZEEKA, YA NINI KUPOTEZA HELA?"

Hoja hii naisikia sana, na naiheshimu, kwa sababu msemaji wake mara nyingi kweli hana hela. Gari la zamani linakula. Leo bushi, kesho breki, keshokutwa tairi. Mtu anasema acha hiki ambacho hakijaniudhi.

Jibu langu ni kwamba bushi ikichoka inapiga kelele na inakupa muda, lakini mpira wa mafuta hauna adabu hiyo. Tena ukilinganisha na vingine vyote, hii ni kazi ndogo kwa gharama, na ikifanywa kwa vifaa halali utakaa miaka bila kuirudia. Asiyeweza kuimudu kazi hii, nasema kwa heshima, hajamudu bado kubeba abiria. Abebe mizigo yake mwenyewe mpaka aweze.

Wengine wananionyesha stika kwenye kioo. Stika ni jambo jema, lakini haizuii mpira kuzeeka kesho yake.

Na hasara haianzi na moto. Unga, mchele na majani ya chai vinavyolala usiku kucha kwenye gari lenye mvujo vinabeba harufu ya petroli, na mnunuzi wa mjini akinusa mara moja hanunui mara ya pili. Mfanyabiashara unayebeba madumu ya petroli ya kuuzia bodaboda kwenye gari hilohilo la abiria, wewe umeongeza kuni kwenye jiko la mwenzako. Acha.

SIKU YA GEREJI ISIWE SIKU YA DENI

Sasa niseme lile ambalo wenye magari hawatalipenda. Mara nyingi lawama anabebeshwa dereva au fundi, lakini mzizi uko kwenye hesabu ya siku. Dereva anayetakiwa kuleta hesabu kila jioni, gari limetembea au halikutembea, hatalipeleka gereji kwa sababu ya harufu. Atafunga tyubu ya baiskeli na kuendelea. Ukimdai hesabu ya siku aliyolala gereji, wewe mwenye gari ndiye uliyefunga tyubu ile.

Napendekeza mambo matatu.

Kwa mwenye gari: toa siku moja kila mwezi ya ukaguzi isiyo na hesabu, na uwe na daftari la gari kama unavyotunza daftari la shamba. Andika tarehe, mpira uliobadilishwa, maandishi yake na jina la fundi. Gari likiuzwa, daftari liende nalo.

Kwa vikundi: VICOBA na vyama vya ushirika mnaokopesha wanachama kununua gari lililotumika, ingizeni mipira ya mafuta, klipu, filta na mtungi wa kuzimia moto ndani ya mkopo tangu mwanzo. Msikopeshe gari bila kukopesha usalama wake. Gari likiungua, marejesho yanaungua.

Kwa mkulima anayekodi: una haki ya kuuliza. Kabla hujapakia, simama karibu na mlango wa mbele, vuta pumzi. Ukinusa petroli, mwambie dereva kwa upole, "Mwanangu, hili gari linanuka, mzigo wangu utasubiri." Wakulima watano wakisema hivyo siku moja ya gulio, mwenye gari atatafuta fundi jioni hiyohiyo. Ukimya wetu ndio unaoyafanya magari haya yaendelee.

Na ikitokea moto licha ya yote: simama, zima swichi, toa watu kwanza na wasogee mbali. Usiinue kiti wazi kutazama injini, maana hewa ikiingia moto unapanda. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Mzigo uache. Nyanya tutapanda nyingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpira wa mafuta hauzibwi, mpira unabadilishwa. Kabla ya gulio lijalo, chukua tochi, inua kiti, mwite fundi wako, muutazame pamoja.

Nawatakia safari njema na mauzo mema. Wiki ijayo tunarudi kwenye kitalu cha vitunguu.